Vumbi la Oktoba, moshi wa Julai: kwa nini hewa ya Chang'ombe haifanani mwaka mzima



Ukikaa Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, kuna kazi moja haina likizo: kufuta vumbi. Meza unaifuta asubuhi, ukirudi saa 10 jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Mwezi wa tisa na wa kumi ndiyo usiseme. Shati jeupe unalianua kwenye kamba likiwa na rangi ya udongo, na bodaboda akipita mbele ya nyumba inabidi unyamaze kidogo ndipo uendelee kuongea.

Kwa hiyo swali la bibi mwenye nyumba wangu lilinishtua. Nilikuwa nimepita kumsalimia jioni moja, akaniambia: "Mjukuu wangu, si unasomea mambo ya hewa wewe? Hebu nieleze basi. Hili vumbi la mwezi wa kumi linanichafulia nyumba tu. Kifua changu kinabana mwezi wa saba. Kwa nini?"

Jibu la haraka lilikuwa mdomoni tayari: "Ni baridi hiyo, Bibi." Nikalimeza. Baridi imo kwenye jibu, ila haifanyi kazi peke yake, na haifanyi kazi kwa njia tuliyozoea kuisema. Mimi si daktari, kifua chake sikukipima. Lakini hewa anayoivuta naweza kuieleza, na makala haya ndiyo jibu langu refu kwake.

Kwa kifupi ni hivi: mji wetu hauna hewa moja. Una hewa ya mchana wa Oktoba na una hewa ya alfajiri ya Julai. Zinachafuliwa na vitu viwili tofauti, kwa sababu mbili tofauti. Tukizichanganya, tutahangaika na kile tunachokiona kwa macho na kukiacha kile kinachoingia ndani zaidi ya kifua.

Ukubwa wa chembe ndiyo habari yenyewe

Tukisema hewa chafu, mara nyingi tunazungumzia chembechembe zinazoelea. Wanasayansi huzipanga kwa ukubwa. Kundi la kwanza linaitwa PM10, yaani chembe zote zenye kipenyo kisichozidi maikromita 10. Maikromita 1 ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa kichwani una unene wa maikromita 70 hivi, kwa hiyo chembe kubwa kabisa ya PM10 ni kama sehemu ya saba ya unene wa unywele. Ndani ya kundi hilo kuna kundi dogo zaidi, PM2.5: chembe za maikromita 2.5 kushuka chini.

Vumbi la barabarani na la shambani, ukilipima kwa uzito, limejaa chembe kubwa. Nyingi hunaswa puani na kooni. Ndiyo maana ukipenga kamasi mwezi wa kumi, leso inabadilika rangi. Moshi wa kuni, mkaa, takataka na injini ni kitu kingine: chembe zake nyingi ziko chini ya maikromita 1. Hizi hupita pua, hupita koo, hufika kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu, na ndogo kabisa huweza kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linazihusisha na nimonia kwa watoto, magonjwa sugu ya mapafu, magonjwa ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu.

Isieleweke kwamba vumbi halina neno. Nalo lina sehemu yake ya PM2.5, linachokoza pumu, linaumiza macho. Ila moshi unabeba chembe ndogo kwa wingi zaidi, tena zikiwa na kemikali za kuungua juu yake.

Ukubwa unaamua pia chembe itakaa hewani muda gani. Fikiria chembe za mawe unaziachia kutoka urefu wa mita 2, ndani ya chumba ambacho hewa imetulia kabisa. Chembe ya mchanga mwembamba, maikromita 100, inafika sakafuni kwa sekunde 4 hivi. Ya maikromita 10 inachukua kama dakika 4. Ya maikromita 2.5 inachukua zaidi ya saa 1, na ya maikromita 1 inachukua saa 6 au 7. Na hewa halisi haitulii hivyo. Mtu akipita tu chumbani, zinapanda tena. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji mbele.

Milima ya mbali inavyotukausha

Sasa tuangalie tulipo. Dodoma mjini iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Ukisafiri kuelekea Morogoro unapita karibu na milima ya Ukaguru na Rubeho, ambayo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Upepo kutoka Bahari ya Hindi unakuja na unyevu wake, unapanda milima hiyo, unapoa, na mvua inamwagika zaidi upande wa baharini. Ukishuka upande wetu, umeshakuwa mkavu. Tunaishi kwenye kivuli cha mvua.

Matokeo yake tunapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu nusu ya ile ya Dar es Salaam. Tena tunaipata kwa msimu mmoja tu. Ukanda wa mvua wa kitropiki hulifuata jua. Jua likiwa kusini, kati ya Desemba na Aprili hivi, ukanda huo unatufikia. Likirudi kaskazini unaondoka nalo, na upepo wa kusini-mashariki, ule ambao watu wa pwani wanauita kusi, unatawala. Kuanzia Mei mpaka Novemba, siku za mvua ni za kuhesabu kwa vidole.

Hapo tayari una mambo mawili muhimu. La kwanza: kwa zaidi ya nusu ya mwaka ardhi yetu ni kavu, na upepo kwa sehemu kubwa unatoka mashariki na kusini-mashariki. La pili: katika miezi hiyohiyo anga huwa jeupe, bila wingu, na hewa haina mvuke mwingi. La kwanza linatuletea vumbi. La pili ndilo linalotufungia moshi.

Ongeza na umbo la mji wenyewe. Dodoma imezungukwa na vilima vya mawe, kama Mlimwa na Imagi, na miinuko ya upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Katikati yake na pembeni kuna maeneo ya chini ambako ndiko sehemu kubwa ya watu wanaishi. Chang'ombe iko upande wa kaskazini-magharibi wa katikati ya mji. Kwa maneno mengine, upepo wa kawaida wa kiangazi unafika kwetu ukiwa umeshapita mjini.

Vumbi huamshwa, haliamki lenyewe

Kuna jambo lilinishangaza nilipolisoma kwa mara ya kwanza: upepo peke yake hauwezi kirahisi kuinua vumbi jembamba kutoka chini. Chembe ndogo zimegandana, tena zimelala karibu sana na ardhi, mahali ambapo upepo hauna nguvu.

Kinachoanza kusogea ni mchanga, zile chembe za maikromita 100 hivi. Upepo ukifika kasi fulani, ambayo kwa udongo mkavu uliolegea inaweza kuwa mita 6 hivi kwa sekunde, mchanga unaanza kurukaruka. Kila unapotua unagonga ardhi kama nyundo ndogo, na ule mgongano ndio unaorusha vumbi jembamba juu. Hapo upepo ukiongezeka kidogo, vumbi linaongezeka sana. Kwa makadirio, kasi ya upepo ikizidi mara 2, mchanga unaobebwa unazidi kama mara 8.

Ardhi ikiachwa yenyewe ina ulinzi wake. Nyasi hupunguza nguvu ya upepo, na udongo ulionyeshewa ukikauka hujifunga gamba gumu juu. Gamba hilo linavunjwa na magurudumu, kwato, majembe, tingatinga na hata miguu ya watoto wanaocheza mpira. Likishavunjika, upepo unakuta kazi imeshafanywa. Na gari kwenye barabara isiyo na lami halihitaji upepo kabisa: tairi linasaga udongo, kisha hewa inayovutwa nyuma ya gari inaunyanyua.

Ndiyo maana vumbi letu ni kazi ya watatu: jiografia, msimu na sisi wenyewe. Na sisi tumeongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Tangu 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kikamilifu, tumejenga Mji wa Serikali Mtumba, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, kiwanja cha ndege Msalato, na viwanja vya makazi visivyohesabika. Kila kiwanja kinachosafishwa kinabaki udongo mtupu, wakati mwingine kwa miaka, kabla ya tofali la kwanza.

Sasa tazama ramani. Mtumba na Ihumwa ziko mashariki. Iyumbu iko kusini-mashariki. Yaani sehemu kubwa ya mji mpya inajengwa kule upepo unakotoka. Je, vumbi la Mtumba ndilo linalotua kwenye meza yangu Chang'ombe? Rudi kwenye hesabu ya kuanguka. Chembe kubwa zinatua mapema, nyingi ndani ya mita chache au mamia ya mita. Zile ndogo ndizo zinazoweza kusafiri kilomita nyingi. Kwa hiyo vumbi unaloliandikia jina lako kwa kidole, kwa kiasi kikubwa, ni la mtaani kwako: barabara iliyo mbele ya nyumba, uwanja wa jirani, lori la mchanga lililopita mchana. Linalotoka mbali ni lile usiloliona mezani.

Kuna habari njema kidogo kuhusu vumbi la Oktoba. Saa 8 mchana jua linachoma, joto linapita nyuzi 30, na ardhi inaipasha hewa iliyo juu yake. Hewa ya moto inapanda kwa nguvu, na wakati mwingine inapanda ikizunguka: hapo unakiona kisulisuli kikivuka uwanja na mifuko na majani yake. Kupanda huko kunaichanganya hewa mpaka kimo cha kilomita 2 au zaidi. Yaani mchana wa kiangazi unachafuka sana, lakini uchafu wake unatawanywa kwenye nafasi kubwa. Alfajiri ya Julai haina bahati hiyo.

Saa 12 asubuhi, mji chini ya kifuniko

Kwa kawaida, ukipanda juu hewa inapoa. Wastani ni kama nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Hewa ya chini ikiwa na joto inakuwa nyepesi, inapanda, na inaondoka na moshi wetu.

Usiku wa Juni na Julai mambo yanapinduka. Mawingu na mvuke ni kama blanketi la ardhi, na sisi wakati huo hatuna blanketi. Jua likizama tu, ardhi inaanza kupoteza joto moja kwa moja kwenda angani. Ndiyo maana mchana wa Julai unaweza kufika nyuzi 26 au 27, halafu alfajiri ikashuka hadi 14 hivi. Ardhi iliyopoa inaipoza hewa inayoigusa, wakati hewa ya juu kidogo bado ina joto lake la mchana. Matokeo yake baridi inakuwa chini na joto linakuwa juu. Wanasayansi wanaita hali hii inversheni. Mimi nitaiita kifuniko, kwa sababu ndiyo kazi yake: hewa baridi ni nzito, haiwezi kupanda kupita ile ya joto iliyo juu yake, na chochote kilichomo ndani yake kinabaki humo.

Hewa hiyo baridi ina tabia nyingine. Inateremka vilimani polepole kama maji na kujikusanya sehemu za chini. Kama umewahi kushuka na bodaboda alfajiri kutoka upande wa chuo, unajua kuna mahali unaingia kwenye baridi ghafla, kama umetumbukia bwawani. Umetumbukia kweli. Hilo ni dimbwi la hewa baridi. Na upepo unaovuma juu ya kifuniko haufiki vizuri chini, ndiyo maana kunakuwa kimya, majani ya mwarobaini hayatikisiki.

Sasa jiulize, saa hiyo sisi tunafanya nini? Tunawasha majiko. Chai ya watoto wa shule, maji ya kuoga, vitumbua vya kuuza, uji. Mkaa unapowashwa kwa vijiti na makaratasi, dakika zile za mwanzo ndizo zenye moshi mzito kuliko saa nzima itakayofuata. Anayewashia vipande vya nailoni anaongeza sumu ya plastiki. Kuna anayechoma taka shimoni kabla hajaenda kazini. Kuna pikipiki na daladala zinazoanza siku. Na juu ya yote, Juni mpaka Oktoba ni miezi ya kuungua kwa mapori na mashamba katika ukanda wetu. Mioto hiyo inaonekana wazi kwenye picha za setilaiti, na moshi wake husafiri mbali.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Fikiria mtaa wetu ni boksi, na majiko yote yanatoa kiasi kilekile cha moshi. Mchana mfuniko wa boksi uko mita 2,000 juu. Alfajiri uko mita 100. Moshi ni uleule, lakini nafasi imepungua mara 20, kwa hiyo kila pumzi ina moshi mara 20 zaidi. Hewa halisi ina mambo mengi kuliko boksi, ila mwelekeo ni huohuo.

Dunia ililijua jambo hili kwa uchungu mkubwa. Desemba 5 hadi 9, 1952, kifuniko cha namna hii kilikaa juu ya London, na chini yake mamilioni ya watu walikuwa wakichoma makaa ya mawe kuota moto. Makadirio ya mwanzo yalikuwa vifo 4,000 hivi. Uchambuzi wa baadaye ulitaja hadi 12,000. Dodoma si London: hapa jua linapasha ardhi, na kwa kawaida ikifika saa 3 au 4 asubuhi kifuniko kimeshavunjika. Chao kilikaa siku tano mfululizo. Chetu ni cha saa chache, lakini kinarudi usiku baada ya usiku, miezi mitatu hivi kila mwaka.

Kuna hatari nyingine ya msimu huu ambayo sitaipita. Usiku wa baridi, baadhi yetu tunaingiza jiko la mkaa chumbani ili tupate joto. Mkaa uliokolea hauna moshi wa kuonekana, kwa hiyo tunadhani uko salama. Unatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Watu hulala na hawaamki. Usilale na jiko la mkaa ndani, hata kama ni dogo, hata kama limebaki majivu yenye makaa machache.

Mvua inasafisha nini hasa?

Wengi tunasema mvua inaosha hewa. Ni kweli kwa nusu. Tone la mvua linapoanguka linagongana na chembe kubwa na kuzibeba. Chembe za moshi, hasa zile za kati ya maikromita 0.1 na 1, ni nyepesi kiasi kwamba hewa inayolikwepa tone huwa inakwepa nazo. Mvua inaziondoa, lakini kwa shida zaidi.

Kazi kubwa ya mvua kwa hapa kwetu iko chini, siyo angani. Udongo ukilowa, chembe zinashikana, mchanga haurukiruki tena, na baada ya wiki chache nyasi zinaota. Ndiyo maana Januari hadi Machi Mlimwa inaonekana kama imesogea karibu. Vumbi limelala.

Moshi je? Msimu wa mvua unauhamisha. Kuni zimelowa, na kuni mbichi au zilizolowa haziungui vizuri, zinafuka. Aliyekuwa anapikia uani anaingia ndani au chini ya kibaraza kwa sababu ya mvua. Kwa hiyo hewa ya nje inakuwa safi kuliko wakati wowote wa mwaka, halafu hewa ya jikoni inakuwa mbaya kuliko wakati wowote. Kifaa kilichowekwa juu ya paa hakitaliona hilo hata siku moja.

Wastani unaweza kukudanganya

Hapa ndipo suala linapokuja kwenye maamuzi. Mwongozo wa WHO wa 2021 unasema PM2.5 isizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na isizidi 15 kwa wastani wa saa 24. Ni vipimo vizuri. Lakini chukua mfano wa kubuni: mtaa una maikrogramu 10 kwa saa 20 za siku, na 100 kwa zile saa 4 za kuwasha majiko asubuhi na jioni. Wastani wa siku ni 25. Ukisikia 25 utadhani ni hewa ya aina moja inayotugusa wote sawasawa. Kumbe theluthi mbili za uchafu wote mtu anaovuta siku hiyo zimeingia ndani ya zile saa 4.

Na ni nani yuko karibu na jiko saa hizo? Ni mama, dada wa kazi, mama lishe, na mtoto aliyebebwa mgongoni. Baba aliyeondoka saa 12 kwenda ofisini anapumua mji mwingine kabisa.

Kwa hiyo kupima mahali pamoja hakutoshi. Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015, umekuwa ukitengeneza vifaa vya bei nafuu na kuvitawanya mitaani, vingine vikiwekwa kwenye bodaboda. Kampala nayo ni mji wa vilima na mabonde, na swali lao ni kama letu: kilimani kuna hewa gani, na bondeni kuna ipi? Kwa Dodoma, mimi ningeanza na vifaa vichache tu, kimoja mwinuko wa chuo, kimoja katikati ya mji, kimoja Chang'ombe, na ningesoma saa kwa saa badala ya kusubiri wastani wa mwezi.

Cha kufanya, kwa msimu na kwa saa

Vumbi linahitaji kazi ya ardhi. Mkoa wetu umewahi kuifanya. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka vibaya. Uoto ukarudi. Gharama kwa wafugaji ilikuwa kubwa, na ni halali kulijadili hilo, ila somo kuhusu udongo liko wazi: ukifunikwa na usipovurugwa, hutulia. Kwa mji maana yake ni lami au changarawe kwenye barabara za ndani za mitaa, siyo barabara kuu peke yake. Kumwagia maji njia za malori kwenye maeneo ya ujenzi kati ya Agosti na Novemba. Kufunika mchanga unaosafirishwa. Na kutofyeka kiwanja kizima miaka mitatu kabla ya kujenga. Kampeni za kuifanya Dodoma ya kijani zimehimiza miti. Mimi naongeza nyasi. Mti mmoja unapunguza upepo, lakini nyasi ndizo zinazofunika ardhi.

Moshi unahitaji kazi ya jiko. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mtungi wa gesi ukipunguzwa bei kwa muda, nafikiri miezi ya kuanzia Juni ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa kila shilingi, kwa sababu ya kile kifuniko. Na taka zisichomwe asubuhi. Kama hakuna gari la taka na lazima zichomwe, basi iwe mchana, plastiki zikiwa zimetolewa.

Nyumbani, mambo ni madogo. Oktoba, funga madirisha ya upande wa upepo mchana, na futa kwa kitambaa kilicholowa, maana cha kukavu kinalirudisha vumbi hewani. Julai, fanya kinyume: madirisha yafunguliwe kuanzia saa 4, kifuniko kikishavunjika. Jiko liwashwe nje, mbali na mlango, na liingizwe jikoni penye dirisha likiwa limeshakolea. Mvua zikikaribia, weka kuni mahali pakavu mapema.

Nilimpelekea Bibi maelezo haya kwa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza kama ninajua ni nani anayeamka saa 11 alfajiri kuwasha jiko kwenye kile kibanda nyuma ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya baridi. Nilijua. Ni yeye mwenyewe, kwa miaka yote, ili wajukuu wapate chai kabla ya shule.

"Basi nitaliwashia huku nje," akasema. "Ila hiyo gesi uliyosema, mtungi unajazwa shilingi ngapi sasa hivi?"

Nikamtajia bei. Akacheka, akaenda kuanua nguo. Kwa mwezi ule jiko lilihamia uani, na kuhusu gesi tulikubaliana tutaongea tena wajukuu wake wa Dar wakituma chochote. Nilimsisitiza pia aende kituo cha afya akapimwe kile kifua, maana hewa ni sehemu ya jibu tu.